Mwanamke wa Ghorofa ya Tisa

Nianze na ubaya wangu mwenyewe, kabla majirani hawajaanza nao: nilimwonea Angèle wivu. Si ule wivu wa kupita, wa kuona mtu amevaa viatu vipya ukameza mate na kuendelea na njia yako. Wangu ulikaa. Ulikunywa nami chai ya asubuhi, ukanisindikiza kazini, na kila Jumanne na Jumamosi, siku ambazo Angèle alikuja sokoni, uliamka kabla yangu.

Naitwa Didier. Nina kibanda hapa Kashikishi, kando ya barabara inayoshuka bandarini, nachaji simu za watu kwa sola. Ndani kuna televisheni ya zamani, ile yenye mgongo, na chini yake kisanduku cha michezo ambacho zamani kilikuwa cheupe na sasa kina rangi ya jino la mvuta tumbaku. Nilikitoa Pweto, kwetu Kongo, mwaka tuliokimbia vita, kimefungwa ndani ya kikwembe, kitenge cha mke wangu, Laurentine. Wenzetu kwenye mtumbwi walibeba masufuria na magodoro. Mimi nilibeba kisanduku na kaseti yake moja ya njano. Walinicheka mpaka ng'ambo hii ya ziwa, na wengi wa waliocheka baadaye walikuja kucheza.

Jina la mchezo limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna anayezisoma hapa, kwa hiyo tunauita Mnara. Kuna mtu mdogo mwenye kofia nyekundu, anapanda mnara wa ghorofa tisa. Mawe yanaanguka, ndege wanamvamia, ngazi zinazama chini ya miguu, mioto inabembea. Unapewa watu watatu. Wakifa wote, unarudi chini kabisa na kuanza upya. Hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofika, hakuna maelezo, hakuna huruma. Vijana wa siku hizi wamezoea michezo ya simu inayowabembeleza: umekufa, pole, endelea hapohapo. Wanakaa mbele ya Mnara wakijiamini, na jiwe la kwanza linawatua kichwani kabla hawajajua kitufe cha kuruka ni kipi.

"Papa Didier, juu ya nini mchezo ya zamani ni mugumu hivi?" huniuliza.

Miaka yote jibu langu lilikuwa moja. "Mchezo hii inachagua mutu yake."

Kisha nilikuwa nachukua manete, kile kidude cha vitufe, napanda mpaka ghorofa ya saba huku wakipiga mayowe, halafu nasimamisha mchezo na kusema zilizobaki nawaachia wenyewe nisije nikawaharibia utamu. Nje ukutani, kwa rangi iliyobaki ya kupaka boti, niliandika: CHEZ DIDIER, CHAMPION YA MNARA.

Sasa sikia ukweli. Ghorofa ya tisa sijawahi kuiona. Ya nane nimeikanyaga mara mbili tu, na mara zote mbili moto ulinifagia kabla sijavuta pumzi.

Uongo ulianza Pweto, na ulianza kwa mapenzi. Laurentine alikuwa msichana wa kwaya, mwembamba, mwenye maswali mengi. Alinikuta nacheza barazani kwetu, akasimama, akauliza huko juu kabisa kuna nini. Nikamwambia kuna mwanamke dirishani, amevaa gauni jeupe, anangoja. Akauliza anafanana na nani. Nikamtazama nikasema, "Anafanana na weye." Alicheka mpaka akashika ukuta. Haukupita mwaka tukafunga ndoa. Tangu siku hiyo, kila aliyeingia kibandani kwangu amesikia habari za mwanamke wa ghorofa ya tisa mwenye sura ya mke wangu, na kadiri miaka ilivyopita nikamwongezea hereni, kitambaa cha kichwa na kishimo shavuni. Miaka kumi na minne nilimpamba mtu nisiyewahi kumwona.

Kila Desemba serikali inafunga ziwa ili samaki wazaane, na haifungui mpaka Februari iishe. Miezi hiyo mitatu Kashikishi yote inakosa la kufanya. Nyavu zinakunjwa, vichanja vya kuanikia samaki vinabaki vitupu, na wachuuzi wanazurura wakitafuta pa kukaa. Patson, Mbemba anayenunua samaki kwa Wakongo na anayejua Kiswahili cha biashara, alihamia kibandani kwangu moja kwa moja. Alikuja asubuhi na kigoda chake na kuondoka akisikia njaa.

Angèle alikuja wakati huo. Anaishi Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, ana shamba lake huko, na huleta sombe, majani ya muhogo, na viazi vitamu sokoni. Mzigo wake ulikuwa unaisha kabla ya saa sita, lakini gari la kurudi Mantapala haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo alikuwa anasubiri. Siku ya kwanza aliomba kuchaji simu. Siku ya pili aliomba kukaa. Siku ya tatu akasema, "Naweza jaribu, papa?"

Nilimpa manete kwa moyo mweupe. Naapa. Watu wake watatu walikufa wote kwenye jiwe la kwanza, akacheka, nami nikacheka, na nikajisikia mkarimu.

Jumamosi iliyofuata alifanya jambo lililonikera tangu mwanzo. Hakucheza. Alimsimamisha mtu wake pembeni chini ya mnara, akakaa akitazama mawe yanavyoanguka.

"Cheza basi, mama," nikamwambia.

"Minaangalia kwanza."

Alianza kuimba kwa mdomo uliofungwa, na mguu wake ukaanza kugonga sakafu: mara mbili kulia, mara moja kushoto, akatulia. Tena, mbili kulia, moja kushoto, akatulia. Kila aliyekulia kanisani kwetu anaijua hatua hiyo. Ndiyo akina mama wa kwaya wanavyoingia na sadaka, safu moja nyuma ya nyingine, bila kukanyagana. Alipotulia, akaruka. Jiwe likaanguka nyuma yake. Akagonga tena, akatulia, akaruka. Jiwe la pili likaanguka nyuma yake pia.

"Mwandi!" Patson akasimama kutoka kigodani.

Kuanzia hapo alipanda tu. Mwisho wa Desemba alikuwa ghorofa ya tatu, penye ndege. Katikati ya Januari, ya tano, penye ngazi zinazozama. Akifa alisema "bon" na kuanza upya chini kabisa, bila kupiga manete, bila kuilaumu mashine, wakati mimi katika maisha yangu nimevunja manete mbili. Watu wakaanza kujua siku zake. Walimwekea nafasi. Siku moja nilitoka kumrudishia mteja simu yake, na niliporudi nikakuta amekalishwa kwenye kiti changu, kile chenye mgongo. Hakuna aliyeona ajabu. Nilisimama kwenye kibanda changu mwenyewe kama mtu aliyekuja kuuliza bei.

Patson alimwita champion, kisha akanikumbuka, akarekebisha: "Champion mudogo." Wiki iliyofuata akasahau kusema mudogo. Majuma matatu yakapita bila mtu kuniomba niwaonyeshe ghorofa ya saba.

Nilifanya vitimbi, sitaficha. Nilimpa manete yenye kitufe cha kuruka kinachonata. Akakijaribu mara mbili, akaanza kukibonyeza mapema kidogo, akapita ghorofa ya sita nacho hichohicho. Nikasema mashine imepata moto lazima ipumzike. Akakubali, akachukua mfuniko wa sufuria na kukipepea kisanduku kwa upole, kama mgonjwa, mpaka nikaona haya nikawasha tena. Siku hiyo alifika ya saba. Sikula jioni.

Lakini kilichoniuma kupita yote ni maneno. Kijana mmoja aliuliza swali lilelile la siku zote, kwa nini michezo ya zamani ni migumu, na nikafungua mdomo kutoa jibu langu. Akaniwahi Angèle, bila ubaya, macho yake yakiwa kwenye televisheni.

"Mi naona ni juu mchezo iko mudogo. Ukitoa kufa-kufa, toka chini mpaka juu ni wakati ya kusonga bukari tu. Bale balitengeneza balijua mutoto atanunuliwa kaseti moya, mwaka muzima. Akiimaliza asubuhi, mangaribi atalia. Donc balitia ugumu, juu ikawe murefu." Akaruka jiwe. "Na mawe haina hasira na mutu. Inaangukaka paka pale pale."

Paka kwetu ni 'tu': mawe huangukia palepale tu, kila mara. Watu wakaitikia. Hata Patson akatikisa kichwa kama mtu aliyefunguliwa kitu. Nami nilijua papo hapo kwamba ni kweli, na nilimchukia kwa kuwa ni kweli. Miaka kumi na minne nimehubiri kwamba mchezo unachagua mtu wake. Kumbe haukuwa unachagua mtu. Ulikuwa unarudia jambo lilelile kila siku, na mimi kila siku nilikuwa nakimbia.

Jumamosi ya mwisho ya Februari, Angèle aliingia ghorofa ya nane akiwa amebakiwa na watu wawili kati ya watatu. Kibanda kilijaa mpaka mlangoni, ambapo Laurentine alisimama na beseni lake la mandazi. Angèle alipita moto wa kwanza, akapanda ngazi, akapita wa pili. Hapo honi ikalia barabarani. Gari la Mantapala lilikuwa limejaa, na dereva wake hangoji mtu.

Angèle akasimamisha mchezo. "Papa Didier, nakuomba. Televizyo unaweza zima, mais kasanduku hapana. Kabaki kanawaka mpaka mardi, Jumanne. Mukikazima, yote inapotea."

"Hakuna mutu atakagusa," nikasema, mbele ya watu wote.

Nikazima televisheni. Laurentine akaleta kikwembe akafunika kisanduku kisipate vumbi, na taa yake ndogo nyekundu ikabaki inang'aa kupitia kitambaa. Patson alikuwa anafurahi kama mtoto wa sikukuu.

"Mardi tutamuona mwanamuke wa dirisha! Bamayo Laurentine, tutaona kama kweli ni weye!"

Wote wakamgeukia mke wangu wakicheka. Laurentine alitabasamu kidogo na kuanza kupanga mandazi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Jumapili nikasema tumbo linaniuma, siendi kanisani. Laurentine akavaa sare yake ya kwaya, akaniangalia, akaenda. Nilingoja nisikie ngoma za misa ya kwanza, kisha nikatoka. Barabara ilikuwa tupu, jua kali, ziwa limetulia kule chini bila mtumbwi hata mmoja. Nilifungua kibanda. Niliinua kikwembe. Nilijiambia betri ya sola lazima ipumzike. Nilijiambia mengi. Kisha nikasukuma kitufe, na taa nyekundu ikazimika.

Sikupata hata nafasi ya kufurahi. Nilipogeuka, Laurentine alikuwa mlangoni na sare yake ya bluu, viatu mkononi.

Niliandaa uongo. Hakuuliza kitu. Aliweka viatu chini, akafunga mlango, akawasha televisheni, akatoa kaseti, akaipuliza mara moja, akairudisha, akawasha kisanduku. Kisha akakaa kwenye kiti changu na kuchukua manete.

"Unafanya nini?" nikasema.

"Nyamaza kidogo."

Mguu wake ukaanza: mbili kulia, moja kushoto, akatulia. Mtu mwenye kofia nyekundu akaondoka chini ya mnara na hakusimama tena. Mawe yaliangukia nyuma yake. Ndege walipita juu ya kichwa chake na hakuinama hata mara moja bure. Kwenye ngazi zinazozama alikuwa tayari ameshatoka kabla hazijaanza kuzama. Alipita ghorofa ya saba, ile niliyokuwa nawaonyesha watu kwa miaka yote, akijikuna shingo kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikihesabu ghorofa.

Kwenye ghorofa ya nane alisimama. Bado alikuwa na watu wote watatu. Akamtembeza mmoja polepole mpaka kwenye moto, akamwacha aungue.

"Angèle alibakia na mbili," akasema.

Akapita moto wa kwanza, ngazi, moto wa pili, mpaka palepale. Akasimamisha mchezo. Akazima televisheni, akafunika kisanduku kwa kikwembe. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kama vile sijawahi kuingia mle ndani.

Nilikaa sakafuni. "Umefika juu?"

"Mara tatu."

"Lini?"

"Mwaka ile ulienda Chisenga kununua samaki, ukakawia mwezi muzima. Mvua ilikuwa inanyesha, mi niko peke yangu na mashine yako." Alikuwa anavaa viatu, haniangalii. "Nilitaka kumuona yule mwanamuke. Ulikuwa unamusifu kila siku, hereni yake, shavu yake. Miye nikikaa hapa na beseni, haunione. Nilikuwa na wivu juu yake, Didier. Nikasema acha nipande nione ananishinda na nini."

"Na kuna nini?"

"Dirisha. Haina mutu. Nikawaza pengine nilipita mbio, nikapanda tena. Haina mutu. Mara ya tatu nikalia, kisha nikacheka."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Akasimama, akanyoosha sare yake. "Nilikuwa nangojea uniambie weye," akasema, akafungua mlango akarudi kanisani.

Jumanne watu walikuwa wengi kuliko Krismasi. Angèle aliinua kikwembe, akawasha televisheni, akatazama namba za juu ya kioo. "Tiens. Points ziliongezeka." Akaanza kugonga mguu, akapita moto wa tatu na wa nne, akapanda ngazi ya mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani niliiona ghorofa ya tisa.

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na chumba cheusi, kitupu. Mstari mmoja wa herufi zile tusizozijua ulitokea, ukakaa kidogo, ukafutika. Kisha mtu mwenye kofia nyekundu akawa amesimama tena chini kabisa ya mnara, na mawe yakaanza kuanguka, sasa kwa kasi zaidi.

"Inaanza tena?" mtu akauliza.

"Njo vile," akasema Angèle, na akacheka peke yake.

Patson alikuwa amenigeukia. "Ba Didier, mwanamuke ali kwi? Iko wapi?"

Nilimtafuta Laurentine. Alikuwa mlangoni na beseni lake. Angeweza kuniokoa kwa neno moja, kusema mara ya kwanza huwa haonekani, au kusema mashine imechoka. Alinitazama tu. Hakukasirika wala hakunihurumia. Aliendelea kungoja, kama alivyokuwa amengoja miaka yote.

"Sijafika pale," nikasema. "Hata siku moya."

Patson akavuta kigoda chake karibu.

"Na ile sura?" akauliza Patson, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo.

"Niliitoa kwa bibi yangu, Laurentine. Ile sura ni yake, haina mwingine." Nikaona afadhali nimalize. "Na dimanche niliizima mashine. Mama Angèle, nilizima. Nilikuwa na wivu."

Angèle akakunja uso. "Mais ilikuwa inawaka."

"Kuna mutu aliirudisha pale uliacha. Toka chini."

"Nani?"

Hili ndilo lilikuwa neno gumu. Kukiri uongo ni aibu, lakini aibu ina mwisho. Kutaja jina la mwenzako mahali ulipoandika lako kunachoma hata baada ya kulitaja.

"Champion ni bibi yangu," nikasema. "Alifika mara tatu, mi niko Chisenga."

Ndipo wakacheka, jamani. Walicheka mpaka Patson akaanguka na kigoda chake. Angèle hakucheka. Aliinuka, akamwendea Laurentine, na wale wanawake wawili wakashikana mikono wakaangaliana kama watu waliotoka kijiji kimoja bila kujua. Na mimi, hata wakati huo, niliwaonea wivu wote wawili.

Kiti changu kilikuwa wazi. Nikakaa. Nikachukua manete, kwa haraka, kama kawaida yangu, na jiwe la kwanza likanitua kichwani. Watu wakacheka tena. La pili likanitua pia.

Laurentine aliweka beseni chini akaja kusimama kando yangu. Mguu wake ukagonga sakafu karibu na wangu: mbili kulia, moja kushoto, akatulia.

"Usikimbie," akasema. "Inaangukaka paka pale pale."

Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja. Nikamsimamisha pembeni chini ya mnara, nikayatazama mawe.